HAKI YA MUUZA PETROLI

(Hii ni hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Tunaipiga chapa yote kwa manufaa ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria. — Mhariri)





Mmenipa heshima ya kusema mbele yenu juu ya afya ya mfanyakazi. Jambo hilo ni pana kama bahari, na mwenye kutaka kuivuka bahari yote kwa usiku mmoja huzama. Kwa hivyo nitashika pembe moja tu. Nitasema juu ya mtu ambaye kila mmoja wetu humwona kila siku wala hamtazami: yule kijana, mwanamume au mwanamke, anayesimama penye pampu akitutilia petroli. Tunaujua mkono wake kwa sababu ndio unaopokea fedha zetu. Pumzi yake na damu yake hatukupata kuziuliza.

Nitaanza mbali na visiwa hivi, katika kata ya Gendabi, wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara. Wengi wetu tulilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza katika mwezi wa Disemba 2023. Tarehe 3 ya mwezi huo mvua kubwa iliteremsha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang, yakaupiga mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na Gendabi ikiwamo. Watu zaidi ya 80 wakapoteza roho zao. Taifa zima lililia, na misaada ikapelekwa kutoka kila upande. Na ilikuwa wajibu. Lakini khatari nitakayoieleza usiku huu haiji kwa ngurumo, wala haiangushi nyumba, wala haina siku moja inayoweza kuandikwa katika magazeti. Ndiyo maana haina wa kuililia.

Mtauliza: sisi watu wa visiwani tuna nini na Gendabi? Tuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba petroli inayouzwa chini ya Mlima Hanang na petroli inayouzwa Mwanakwerekwe au Chake Chake ni kitu kimoja. Hutoka ng'ambo kwa meli, hupakuliwa, hupakiwa katika malori, na mwisho wa safari yake hufika katika mkono wa binadamu mmoja anayeimimina. Sababu ya pili ni kwamba huko kijijini jambo hili laonekana likiwa tupu, halikupakwa rangi wala halikuwashiwa taa. Mjini kuna sheli yenye paa refu na pampu inayong'aa, na mtu hudhani kwamba penye mng'aro pana usalama. Katika vijiji vya bara vilivyo mbali na sheli, mwenye pikipiki hununua petroli kibandani, ikiwa imetiwa katika chupa za maji na za soda. Hufika katika madumu, hugawanywa kwa mpira unaonyonywa kwa mdomo, na mara nyingine dumu hulala katika chumba kile kile wanacholala watoto. Hanang ni nchi ya ngano na ya ng'ombe. Trekta haziendi bila ya mafuta, na pikipiki ndiyo gari la mgonjwa, la mwalimu na la mkulima. Kwa hivyo hapana anayeweza kumwambia mtu wa huko aache kununua petroli. Linaloulizwa ni hili: nani analipa bei ambayo haikuandikwa?

PETROLI NI KITU GANI?

Ndugu zangu, petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vitu mamia kwa mamia, na baadhi yao ni sumu. Mkubwa wao kwa madhara ni benzini. Kitu hiki kiligunduliwa na Michael Faraday huko London katika mwaka 1825, nacho ni kiowevu kisicho rangi, chenye harufu ya utamu, kinachogeuka mvuke upesi. Kwa miaka mingi kilisifiwa viwandani kwa sababu huyeyusha mafuta na gundi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2000, benzini hairuhusiwi kuzidi sehemu moja katika kila sehemu mia za petroli. Sehemu moja katika mia yaonekana kuwa ni kitu kidogo. Walakin mnunuzi anayekaa penye sheli dakika tano huvuta pumzi ya dakika tano, na mfanyakazi huvuta pumzi ya saa nane, kumi, au kumi na mbili. Leo, kesho, na miaka kumi ijayo.

MILANGO MITATU

Sumu hii humwingia mtu kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni pua. Tangi la gari linaloonekana kuwa tupu si tupu, limejaa mvuke. Kila lita ya petroli inayoingia huifukuza lita ya hewa yenye mvuke itoke, nayo hutokea pale pale aliposimama anayetilia. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hivyo hauruki juu ukapotea, bali hushuka na kutambaa chini, hasa siku isiyo na upepo. Jua letu huuzidisha. Na saa mbaya kuliko zote ni mbili: saa ya lori kumwaga mafuta katika tangi la chini ya ardhi, na saa ya mfanyakazi kufungua kifuniko cha tangi hilo na kuinama kupima kwa kijiti. Uso wake huwa juu ya mdomo wa tangi, na mvuke wote uliokusanyika humpanda usoni.

Mlango wa pili ni ngozi. Petroli inayomwagika mkononi hupenya. Kitambaa alichofutia tone la mafuta hukitia mfukoni, na shati lililorowa hulivaa mpaka jioni, akarudi nalo nyumbani, akampakata mwanawe nalo, na mkewe au mama yake akalifua pamoja na nguo za watoto. Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Kwa mfanyakazi wa sheli maneno hayo si fumbo, ni khabari yenyewe kama ilivyo. Na mafundi wetu wa magari wanaonawa mikono kwa petroli ili kuondoa grisi wajue kwamba wanaondoa uchafu wa nje na kuingiza uchafu wa ndani.

Mlango wa tatu ni mdomo. Anayenyonya mpira ili petroli iteremke kutoka dumu hadi chupa hucheza na mauti kwa ajili ya faida ndogo kabisa. Petroli ikiteleza ikaingia mapafuni, hata kiasi kidogo, huyaunguza, na mtu aweza kufa kwa kukosa pumzi. Kadhalika mtoto mwenye kiu aliyeiona chupa ya soda. Hapa nataka kila mama na kila baba anisikie vizuri: aliyekunywa petroli au mafuta ya taa asitapishwe. Kumtapisha ni kuyapitisha mafuta hayo mara ya pili karibu na njia ya pumzi. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe ionyeshwe kwa daktari.

MADHARA YA UPESI NA YA POLEPOLE

Mvuke wa petroli humtia mtu kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, macho ya kuwasha na usingizi usio wa kawaida. Madhara hayo mfanyakazi anayajua, naye huyaita "kuzoea kazi". Hasha! Si kuzoea. Ni mwili unaopiga kelele, na mwenyewe ameacha kuusikiliza.

Madhara ya polepole ndiyo ya kutisha zaidi. Ndani ya mifupa yetu mna uboho, nao ndio kiwanda cha damu. Uboho hutengeneza chembe nyekundu zinazochukua hewa, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na vile vichembe vinavyogandisha damu mtu akijikata. Benzini huenda ikakishika kiwanda hicho. Kwanza damu hupungua: mtu huchoka bila ya sababu, maradhi madogo hayamwachi, ufizi hutoka damu. Kisha, baada ya miaka, kwa baadhi yao kiwanda huharibika kabisa, kikaanza kutoa chembe mbovu zisizo na mpaka. Hiyo ndiyo saratani ya damu. Wakati huo mtu pengine amekwisha iacha kazi ya sheli, analima au anafanya biashara, na hapana anayekumbuka kumwuliza: ulipokuwa kijana ulifanya kazi gani?

Fikirini hali ya mtu wa Gendabi aliyefikwa na hayo. Dalili zake ni homa na uchovu, na katika nchi zetu homa na uchovu huitwa malaria kabla ya kupimwa. Ikishukiwa saratani, itambidi apelekwe katika hospitali kubwa, na mwisho wa njia pengine ni Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka kijijini kwake. Ng'ombe watauzwa mmoja mmoja. Na sisi wa visiwani twaijua safari hiyo, kwani wangapi wetu wamewavusha wagonjwa wao bahari kwa boti kwa ajili ya hospitali hiyo hiyo?

USHAHIDI SI WA JANA

Asitokee mtu akasema kwamba haya ni maneno ya siasa. Katika miaka ya 1970, daktari mmoja wa damu wa Istanbul, Muzaffer Aksoy, aliwachunguza mafundi wa viatu wa mji huo waliokuwa wakitumia gundi yenye benzini katika vyumba vidogo visivyo na hewa, na katika mwaka 1974 akaonyesha jinsi saratani ya damu ilivyowazidi kuliko watu wengine. Hawakuwa wakubwa wala matajiri. Walikuwa mafundi wa viatu, watu kama sisi, na maradhi yao ndiyo yaliyoufundisha ulimwengu.

Kabla ya hapo, katika mwaka 1971, Shirika la Kazi Duniani lilikwisha pitisha Mkataba Nambari 136 juu ya benzini. Mkataba huo, unaohusu benzini na bidhaa zenye benzini zaidi ya sehemu moja katika mia, wasema kwamba wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na baadaye kwa vipindi, kwamba gharama za kupimwa zisimwangukie mfanyakazi, na kwamba wanawake wajawazito na wanaonyonyesha wasiwekwe katika kazi hiyo. Mwaka ule kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa hewani kilikuwa sehemu 25 katika milioni. Katika mwaka 1987 Marekani iliweka sehemu 1 kwa kazi ya saa nane. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 ikaamuru kiwango kishuke hadi nusu ya sehemu moja katika Aprili 2024, kisha hadi 0.2 katika Aprili 2026. Angalieni mwendo wake: kila elimu ilipozidi, kiwango kilishuka, hakikupanda hata mara moja. Na Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kwa benzini hapana kiwango kinachoweza kuitwa salama.

Hata petroli yenyewe imekwisha hukumiwa. Katika mwaka 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilisema kwamba petroli huenda ikawa yaleta saratani. Katika mwaka 2025, baada ya kuusoma ushahidi wote uliokusanyika, shirika hilo likaliondoa neno "huenda". Sasa petroli imo katika daraja la kwanza, daraja la vitu vinavyojulikana kwa yakini kuwa vyaleta saratani kwa binadamu: saratani ya damu na saratani ya kibofu cha mkojo. Moshi wa dizeli ulikwisha tiwa katika daraja hilo tangu mwaka 2012.

SOMO LA RISASI

Wenye mali watatuambia tusitie watu hofu. Maneno hayo ni ya kale. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Marekani yaligundua kwamba petroli ikitiwa madini ya risasi injini haigongi. Katika Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu ile, baada ya kupandwa na wazimu. Mwezi ule ule mvumbuzi wa dawa hiyo, Thomas Midgley, aliwaita waandishi wa magazeti, akanawa mikono kwa dawa hiyo mbele yao na akaivuta puani, ili kuonyesha kwamba haina madhara. Naye mwenyewe alikwisha kuugua kwa risasi kabla ya siku ile. Ulimwengu uliyasadiki makampuni. Ikauzwa petroli ya risasi kila nchi, hata kwetu. Afrika ya kusini ya Sahara iliiacha katika mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha katika Julai 2021. Karibu miaka 100, ndugu zangu, baina ya maiti wa kwanza na lita ya mwisho! Wazee waliofanya kazi penye pampu zetu kabla ya mwaka 2006 waliivuta risasi na benzini pamoja, na hapana aliyewaambia.

Somo ni hili: anayefaidika na kitu asiachiwe peke yake kazi ya kushuhudia usalama wake.

MASHAKA YA MAZIWA

Sasa nataka kusema juu ya maziwa. Kuna imani iliyoenea miongoni mwa wafanyakazi wa sheli, wa rangi na wa gereji, bara na visiwani, kwamba anayevuta sumu akinywa maziwa huoshwa. Baadhi ya waajiri wameipenda imani hiyo kwa sababu ni rahisi: pakiti ya maziwa ni nafuu kuliko glavu, nguo ya pili na kipimo cha damu.

Maziwa ni chakula kizuri. Hapana nchi inayoyajua kuliko nchi ya Hanang, nchi ya Wabarbaig na Wairaqw, ambako ng'ombe ni mali na heshima. Lakini petroli iliyovutwa haikwenda tumboni. Imekwenda mapafuni, na kutoka mapafuni imeingia katika damu, na kutoka katika damu imefika kwenye uboho. Maziwa hayaipati huko. Kama maziwa yangalikuwa dawa ya benzini, basi kijana wa Gendabi angalikuwa na kinga kuliko mtu yeyote duniani. Mwajiri anayetoa maziwa kwa wema, Mungu amlipe. Lakini anayetoa maziwa badala ya kinga amemnunua mtu kwa bei ya pakiti.

NCHI NYINGINE IMEFANYA NINI?

Tutaambiwa kwamba kinga ni anasa ya mataifa ya Ulaya, ambako mwenye gari hujitilia mafuta mwenyewe. Basi tuitazame Brazil. Huko, kama kwetu, mwenye gari hajitilii. Sheria ya mwaka 2000 imeiweka kazi hiyo mikononi mwa wafanyakazi ili wasipoteze riziki. Na kwa kuwa wafanyakazi hao ni wengi, katika Septemba 2016 Wizara ya Kazi ya nchi hiyo ilitoa amri mahsusi juu ya benzini katika vituo vya petroli. Amri hiyo imekataza kunyonya mafuta kwa mdomo. Imekataza kuendelea kujaza tangi baada ya pampu kujifunga yenyewe. Imekataza kufuta mafuta yaliyomwagika kwa vitambaa. Na imesema kwamba nguo za kazi zitafuliwa na mwajiri, si chini ya mara moja kwa wiki, ili sumu isichukuliwe nyumbani kwa watoto.

Zipimeni amri hizo nne. Ni ipi kati yao inayohitaji mkopo wa benki? Ni ipi inayohitaji mhandisi kutoka ng'ambo? Kuacha kuijaza gari mpaka shingoni hakugharimu hata senti moja, bali huokoa mafuta.

SHERIA IPO, MKONO WAKE HATUUONI

Sheria nazo hazikukosekana. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayoamuru wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kazi na kwa vipindi. Zanzibar ina sheria yake ya Usalama na Afya Kazini, Nambari 8 ya mwaka 2005. Bara pana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, nao watambua maradhi yanayotokana na kazi. Vyombo vya kusimamia biashara ya mafuta vipo: EWURA kwa Bara na ZURA kwa Zanzibar.

Vyombo hivyo viwili twavisikia kila mwezi vikitangaza bei. Lita imepanda shilingi kadhaa, lita imeshuka shilingi kadhaa, na nchi nzima husikiliza. Nauliza kwa heshima: siku gani tulisikia ikitangazwa kwamba wafanyakazi kadhaa wa sheli walipimwa damu mwaka huu, na hali zao ni hizi? Serikali inayojua bei ya kila lita haishindwi kujua afya ya anayeimimina, ikitaka.

Tuseme pia lililo jema. Katika miaka ya hivi karibuni Wakala wa Nishati Vijijini umetoa mikopo ili vijengwe vituo vidogo vya mafuta vijijini, watu waache kuuza petroli kwa chupa. Jambo hilo ni zuri, na sisi kuwa wapinzani hakutuzuii kulisifu. Lakini kituo kilichojengwa bila ya kumfundisha anayefanya kazi ndani yake kimeihamisha khatari kutoka kibandani kuipeleka kwenye pampu, hakikuiondoa. Na moto tusiusahau. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Taifa lilijifunza kwamba petroli huwaka. Bado halijajifunza kwamba petroli huua hata isipowaka.

MAJIBU KWA WAPINGAJI

Watu wawili watatupinga. Wa kwanza ni mwenye sheli, atakayesema kwamba faida ni ndogo. Tumjibu kwamba hatudai dhahabu. Glavu, sabuni na maji, nguo mbili za kazi, kivuli chenye kupitisha upepo, na kipimo cha damu mara moja kwa mwaka haviwezi kumfilisi mtu anayenunua lori zima la mafuta.

Wa pili ndiye mwenye kuhuzunisha, naye ni mfanyakazi mwenyewe. Atasema, "Nikidai nitafukuzwa, na nje ya lango wapo kumi wanaoisubiri kazi yangu." Anasema kweli. Ndiyo maana dai hili lisiwe lake peke yake. Mmoja akidai hufukuzwa. Chama cha wafanyakazi kikidai husikilizwa. Umma ukidai hutungiwa kanuni. Na yule anayeuza chupa kibandani huko Gendabi hana hata mwajiri wa kumdai. Yeye mwenye kumdhamini ni Serikali tu, na sisi.

TUNALOLITAKA

Kwa hivyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu uyakubali mambo sita, na uyapeleke mbele:

1. Kila mfanyakazi wa sheli, Unguja na Pemba na Bara, apimwe damu kamili kabla ya kuanza kazi na kila mwaka, kwa gharama ya mwajiri, na majibu apewe yeye mwenyewe mkononi.

2. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha ahamishwe penye pampu apewe kazi nyingine, bila ya kupunguziwa mshahara wala kuachishwa.

3. Nguo za kazi zifuliwe na mwajiri, na pawe na maji, sabuni na glavu katika kila kituo.

4. Iwe marufuku kunyonya mafuta kwa mdomo, kujaza tangi baada ya pampu kujifunga, na kuuza petroli katika chupa za vinywaji. Lakini marufuku hiyo vijijini iende pamoja na kituo kidogo na pampu ya mkono, ili mnyonge asikatiwe riziki.

5. ZURA na EWURA, pamoja na wakaguzi wa kazi, watangaze kila mwaka vituo vingapi vilikaguliwa kwa ajili ya afya, na vingapi vilionekana na makosa.

6. Madaktari wetu wafundishwe kumwuliza kila mgonjwa mwenye damu pungufu: unafanya kazi gani, na zamani ulifanya kazi gani?

NENO KWA MFANYAKAZI

Kanuni huchelewa, na pumzi haichelewi. Kwa hivyo wewe ndugu uliye penye pampu usingoje. Simama upande unaotoka upepo, si upande unaokwenda mvuke. Geuza uso tangi linapojaa. Usiiname juu ya mdomo wa tangi la chini. Lifungue, rudi nyuma, ngoja kidogo, ndipo upime. Pampu ikijifunga, acha. Shati likirowa, livue siku ile ile na lifuliwe peke yake. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, wala usile penye pampu. Ukiona kichwa na kizunguzungu kila siku ya kazi, na siku ya mapumziko huna, jua kwamba si malaria. Mwambie daktari kazi yako.

Nasi wanunuzi tuna sehemu yetu. Tusiwaambie "jaza, ongeza, ongeza" mpaka mafuta yakamwagika mikononi mwao.

Bwana Mwenyekiti, nchi hii haiwezi kwenda bila ya petroli, na wala sikuja kusema tuiache. Nimekuja kusema kwamba anayeitilia ni binadamu, na kwamba damu yake haikuwamo katika bei tuliyomlipa. Awe kibandani Gendabi au penye sheli ya mjini hapa, haki yake ni moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu tumekwisha uonyeshwa, kwa mwaka, kwa jina na kwa hesabu. Aliyebaki bila ya udhuru ni sisi na wanaotutawala.